Niliandika ile wimbo kwa mukono yangu, lakini haikuwa yangu

Wakuu, salamu zenu kutoka huku Nchelenge, kwenye muchanga wa ziwa Mweru.

Mimi ni muzee. Nimesoma nyuzi zenu kimya kimya karibu miaka mbili, sijawahi kutia hata neno moja. Leo natia. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mutu, na sikuongeza chumvi. Majina tu njo nimebadilisha. Sababu mutaiona mukifika chini.

Mutanisamehe Kiswahili yangu. Ni ya Congo, ya Katanga, na hapa Zambia Kibemba kimeingia ndani. Nikisema njo ni ndiyo, ju ya ni kuhusu ama kwa sababu ya, mais ni lakini, donc ni basi, na kisha mara nyingine ni baada ya. Shule niliishia ya tano primaire. Naandika kwa simu ya binti yangu, kidole kimoja, donc twende polepole.

Nianze na mukono.

Mungu alininyima vitu mingi lakini alinipa mukono muzuri ya kuandika. Hesabu sikujua, Kifaransa kilinishinda, mais mwalimu alikuwa ananiita mbele niandike ubaoni ili wengine waone namna herufi inasimama. Hiyo tu njo sifa niliyopata shuleni. Nyingine zote zilikuwa fimbo.

Vita ilipotutoa Congo tukavuka ziwa, tukawekwa kambini. Pale kambini tukaanzisha choir ya kanisa. Sauti sina, nikiimba hata kuku wanahama. Wakanifanya sekretere.

Kazi ya sekretere ilikuwa hivi. Mutu akipata wimbo anakuja kukuimbia polepole, wewe unaandika ndani ya kaye, daftari. Kaye moja kubwa, jalada nyeusi. Wengi waliotunga walikuwa wamama, na wengi wao hawakujua kushika biro.

Na tulikuwa na sheria: jina ya mutungaji haiandikwi. Mukubwa wa choir alisema wimbo ni ya Mungu, ukitia jina kesho munagombana nani atasimama mbele. Kaye ikajaa mpaka mwisho, jina hakuna hata moja.

Mukono tu. Mukono yangu.

Shikeni hapo, nitarudi.

Huku ziwani watu wanazama. Hiyo tumezoea. Wengine mwili unaonekana, wengine ziwa linabaki nao. Sasa mutu ambaye mwili haukuonekana utamuzika wapi? Kaburi hakuna, musalaba hakuna.

Sisi wa ile kambi tulikuwa na desturi yetu. Tunateremuka mpaka maji yaguse miguu. Mukubwa wa familia anaita jina ya aliyezama, mara tatu, kuelekea ziwani. Kisha ya tatu, familia inamujibia: "Tuko hapa." Njo choir inaimba. Hiyo ndiyo mazishi, imekwisha, munarudi kula bukari, ugali yenu. Mutu ambaye jina yake haijaitwa, tunasema bado iko njiani.

Siku moja kisha ibada, mama mumoja akanikuta kwenye mulango wa kanisa. Nitamuita Mama Odette. Alikuwa mwanamuke wa maneno kidogo, tena mucheshi akitaka, lakini ile siku hakuwa anacheka. Akanipa mugongo. Akaimba akitazama ukuta, mara moja tu, nikimuomba arudilie akakataa. Ilikuwa na maneno kidogo sana:

*Maji, umemupokea, umushike muzuri.*
*Mukono yangu ilikuwa mudogo,*
*yako iko mukubwa.*

Nikamuuliza, hii umetunga ju ya nani? Akasema, "Andika tu, Sekretere." Nikaandika.

Wakuu, ile wimbo ilitembea. Ilitoka kambini ikafika Nchelenge, ikafika visiwani, nasikia hata ng'ambo, Congo, wanaimba. Hakuna mutu wa ziwani anayezikwa bila ile wimbo. Wabemba wameitia Kibemba. Kila mutu alifikiri ule mukono mudogo ni mukono ya binadamu mbele ya Mungu. Na mimi nilifikiri vile.

Sasa niseme ubaya yangu.

Tulikuwa tumeshahama kambi, na choir yetu. Kulikuwa mazishi moja hapa Nchelenge, kijana wa familia kubwa ya Mansa alizama. Walikuja na magari. Choir yetu ikaitwa kuimba. Kisha kuimba, mama ya kijana akauliza nani alitunga. Mutu mumoja wa choir, mugeni, alikuwa ameona kaye, akanionyesha kidole. Ule mama akapiga magoti mbele yangu pale kwenye muchanga, na nguo yake ya bei kali, akapiga makofi polepole vile Wabemba wanafanya kwa heshima. Akasema, "Natotela, bashikulu." Asante, babu.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilitazama chini kama mutu munyenyekevu.

Ile kutazama chini ilikuwa uongo mukubwa kuliko kusema ndiyo.

Tangu ile siku nikawa Papa Mutungaji. Kwenye mazishi nawekewa kiti. Dereva wa minibus ya Mansa ananiachia pale mbele karibu yake. Mutu ambaye hajawahi kusifiwa isipokuwa herufi zake, munaelewa? Sitafuti munisamehe. Nasema tu vile ilikuwa.

Na Mama Odette alikuwa ameshahama, alienda kisiwani Chisenga kukausha chisense, hizi samaki ndogo ndogo mnazoona kwenye magunia. Sikumuona miaka na miaka. Nikajiambia amesahau.

Naona tayari kuna mutu anataka kuandika "fupisha muzee". Sifupishi. Nenda ukachemushe maji ya chai, utanikuta hapa hapa.

Bon. Binti yangu, tumuite Furaha, ni mwalimu wa Kingereza. Tena anaendelea kusoma kwa mbali, chuo kinamutumia vitabu wanaita module. Alasiri anakaa kwenye ngazi ya nyumba anasoma, mimi nikiwa nashona nyavu pembeni. Nikimuuliza anasoma nini, ananielezea. Ni mutoto muzuri, hachoki na maswali.

Mwaka huu module ilikuwa ju ya Waingereza walioandika vitabu bila kutia jina.

Nikashangaa. Nilifikiri muzungu hata kikombe yake anaandika jina. Furaha akacheka, akasema, "Papa, zamani vitabu mingi ya Kingereza ilitoka bila jina. Mingi sana."

Akanieleza, mimi nikiwa na sindano ya nyavu mukononi.

Za zamani kabisa, akasema, zilikuwa nyimbo na hadithi za kuimba. Aliyetunga hakuna anayemujua. Kisha wakaja watu wa kanisa, wakazinakili kwa mukono juu ya ngozi ya wanyama, kwenye vyumba vya baridi, mwaka na mwaka. Wengine walitia maneno yao kidogo pembeni ya ukurasa, kulalamika. Basi leo watu wenye masomo wanajua mwandiko wa aliyenakili, wanaweza kusema huyu aliminya kalamu hivi, huyu wino yake ilikuwa mubaya. Lakini aliyetunga, hakuna.

Sindano ikanichoma hapa kwenye kidole gumba. Nikainyonya damu.

Kisha, anasema, ikaja mashini ya kuchapa. Hapo serikali ikataka majina, si kwa kusifu, ni kwa kukamata. Mutu akiandika mubaya ju ya mufalme au ju ya kanisa anaweza kukatwa sikio, anaweza kukatwa mukono. Donc waliandika bila jina, na aliyechapa naye akaficha jina. Hiyo nilielewa mara moja. Sisi tuliotoka vitani tunajua jina kwenye karatasi inaweza kukufanyia nini. Kwetu, watu walikuwa wanafika na liste wakisoma majina, na aliyeitika hakurudi.

Wengine walikuwa matajiri, waliona haya maneno yao kuuzwa sokoni kama mihogo, wakapitishiana tu kwa mukono, rafiki kwa rafiki.

Na wamama. Mwanamuke akiandika hadithi watu waliona si heshima. Kwa hiyo kwenye kitabu waliandika tu kwamba imeandikwa na mama fulani wa heshima, basi. Wengine walitia jina ya mwanaume ili wasomwe.

"Na watu hawakuuliza ni nani?"

"Waliuliza sana, Papa. Ilikuwa kama muchezo, kila mutu anakisia. Mara nyingi walikisia mwanaume. Na kulikuwa wanaume waliokisiwa, wakanyamaza, wakakaribishwa chakula kwenye nyumba za wakubwa ju ya kitabu hawakuandika."

Nikaweka nyavu chini.

Nikamuuliza, wale walionyamaza waliisha namna gani? Akafungua ukurasa, akatazama, akasema, "Wengine walikufa nayo. Watu walikuja kujua kisha."

"Walijua namna gani?"

"Barua, Papa. Mwenye kuandika anaacha barua. Anaandikia dada yake, anaandikia aliyechapa. Mutu anakuja kuzipata ndani ya sanduku."

Wakuu, sikulala vizuri. Mama Odette hajui kuandika. Hataacha barua. Hakuna sanduku. Siku mimi nitakufa, ile wimbo itakuwa yangu kabisa, milele, na hakuna mutu duniani mwenye kutafuta atapata kitu.

Sasa sikieni vile mambo yanakujaga pamoja. Wiki ile ile, Pasta wetu mupya, kijana wa Mansa, mutu wa haraka na mwenye moyo muzuri, akatangaza nyimbo zetu zitachapwa kitabu. Na wachapaji wanataka jina chini ya kila wimbo. Pasta alikuwa ameipata ile kaye nyeusi ndani ya kabati. Ameona mukono moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akatia jina yangu chini ya zote.

Nilienda kwake, nikamuambia hizi ni za choir, atie jina ya choir. Akakubali, akafuta. Kisha akafika kwenye ile ya maji. Akanitazama, akasema, "Lakini hii, bashikulu, hii kila mutu anajua ni yenu."

Nikatazama chini tena.

Nilitoka pale nikafika kwenye barabara. Nikakaa kwenye jiwe karibu na wauza vitumbua. Karatasi zilikuwa zinaenda Mansa siku ya Alhamisi. Ile siku ilikuwa Jumatatu.

Jumanne asubuhi nikapanda boti ya Chisenga.

Nilimukuta kwenye muchanga, anageuza chisense na ufagio, kichwa imefungwa kitambaa, mugongo imepinda. Alinitambua kabla sijafika.

"Sekretere. Umezeeka mubaya."

Nikamuambia hata yeye si mutoto. Akasema yeye alizeeka na kazi, mimi nilizeeka na viti vya mazishi. Wenzake wakacheka. Nikajua basi, habari zangu zote zilikuwa zimevuka maji zamani.

Tukakaa pembeni, chini ya paa ya majani wanapowekea magunia. Nikamueleza yote, ya mama wa Mansa, ya kiti, ya Waingereza wa Furaha wasiotia jina, ya Pasta, ya Alhamisi. Nikamuambia nimekuja ili jina yake iwekwe pale panapohusika.

Alinisikiliza akichambua chisense, anatupa zilizovunjika.

"Nilikuwa nasikia," akasema. "Kila mara batu bananiambia, Sekretere anajiita mwenye ile wimbo. Nikasema, mumuache abebe. Ule muzigo ni muzito, yeye anafikiri ni kofia."

Kisha akasukuma chisense pembeni.

Nitaandika alichoniambia kwa maneno yangu, ju ya kwake yalikuja vipande vipande.

Siku waliyokimbia, ilikuwa muchana, jua kali, walipanda mutumbwi mumoja watu wengi kupita kipimo. Yeye alikuwa na Odette mugongoni, mutoto munyonyaji. Mudogo wake, dada wa tumbo moja, alichelewa. Alikuja akikimbia ndani ya maji, akaogelea, akashika ubavu wa mutumbwi. Mutumbwi ukalala upande ule, maji yakaanza kuingia. Watu wakalia. Aliyekuwa karibu na ule mukono ni yeye, dada yake mukubwa.

"Nilimutoa vidole kwenye mutumbwi," akasema. "Moja moja. Hakuna mutu alinituma, Sekretere, usije ukasema nilitumwa. Ni mimi."

Na mudogo wake alimutazama tu. Aliita yaya, vile kwetu tunaita dada mukubwa, mara moja, kisha hakuita tena.

Walipofika Zambia, alipoulizwa, alisema dada yake alibaki Congo. Na ju ya kusema vile, jina yake haikuitwa majini. Maana ukiita jina watu watauliza alizama namna gani. Miaka yote ile, kila mutu aliyezama aliitwa na kujibiwa na kuimbiwa, na kwa wimbo iliyotungwa ju ya ule mudogo wake, isipokuwa mudogo wake mwenyewe.

Nilimuambia mambo ya kijinga, eti Mungu anaelewa, eti wangekufa wote na Odette pia. Akasema hayo ameshajiambia, hayasaidii.

"Jina yangu usitie," akasema. "Batauliza nilitunga ju ya nani. Na yako toa."

"Nitatia gani? Wachapaji wanataka jina."

Akaniambia jina ya mudogo wake. Jina yote, ya baba na ya ubatizo. Hakuwa ameitamuka mbele ya mutu tangu ule mutumbwi. Nilikuwa na biro, nikaandika kwenye kipande cha gunia ya karatasi, kwa mukono wangu ule ule. Nikamusomea. Akasema, "Ndiyo. Njo yeye."

Jumatano nikarudi. Nikaenda moja kwa moja kwa Pasta nikamuambia ile wimbo si yangu, haijawahi kuwa yangu, mimi nilikuwa mwandishi tu. Akaweka kalamu chini. Akauliza, kwa nini hukusema? Nikamuambia nilipenda kiti. Nikamupa kile kipande chenye jina, akauliza kama mwenye ile jina ni muzima. Nikamuambia alitangulia. Akafuta jina yangu, akaandika ile.

Jioni nikamuuliza Furaha kama nimetoa uongo moja nikaweka nyingine, ju yule dada hakutunga hata neno. Alifikiri, akageuza kurasa za module, akaifunga.

"Sijui, Papa. Hiyo haiko humu."

Miezi ikapita, kitabu ikafika, na jalada ya bluu. Jumapili ya kuipokea, kanisa ilijaa. Mama Odette alikuja na boti ya asubuhi, akakaa nyuma kabisa, karibu na mulango. Mimi sikukaa kwenye kiti ya mbele, nilikaa kwenye benchi na wengine. Kuna walioninong'oneza, wengine walinicheka wazi, Papa Mutungaji amevuliwa. Haki yao.

Pasta akasimama kusoma majina ya watungaji, kama mwalimu anasoma register. Jina ya choir, jina ya choir, jina ya choir. Kisha akafika kwenye wimbo ya maji. Akasoma jina ya yule dada, kwa sauti yote, na microphone.

Watu wakatazamana, hakuna aliyemujua.

Nyuma kule, karibu na mulango, sauti ndogo ikasema: "Tuko hapa."

Pasta akainua kichwa. Ni mutu wa Mansa, hajui desturi yetu. Alifikiri mutu ameitika, akatazama karatasi, kisha, kwa kutaka kuhakikisha, akasoma jina tena.

Wamama wazee wa choir, wale wa kambini, walikuwa wameshageuka. Hakuna mutu aliwaambia kitu. Sisi wa kule, ukisikia ile neno unajua ni neno ya wapi. Mumoja akasimama. Kisha mwengine. Kisha wote. Nikasimama na mimi.

Pasta akatuona tumesimama. Sijui Roho ilimuambia nini. Akasoma mara ya tatu, polepole, ameinamisha kichwa.

Tukajibu wote: "Tuko hapa."

Na choir ikaimba.

Mama Odette hakuimba. Alishika benchi ya mbele yake na mikono miwili, vidole vimekaza, mpaka wimbo ikaisha.

Kisha, nikimusindikiza kwenye boti, nilimuuliza kama naweza kuisimulia siku moja. Akafikiri. Akasema, "Sema. Mais bila jina. Kama bale Bangereza bako."

Njo sababu, wakuu. Jina yake sitaiandika, na jina yangu munaona wenyewe, ni ya kujifunika kama zenu zote humu. Ya yule dada iko ndani ya kitabu, chini ya wimbo, pale panapopasa.

Nilichojifunza ni kidogo. Zamani nilifikiri mutu anaficha jina ju ya woga tu au unyenyekevu. Kumbe wengine wanaficha ju neno lenyewe limewauma mno. Na sisi tunaokaa karibu na neno la mutu, tulionakili, tuliobeba, tuliosikia kwanza, tusikubali kukalishwa kwenye kiti chake. Ukinyamaza umeshajibu.

Kama kwenu kuna wimbo, hadithi, hata namna ya kupika ambayo mwenyewe hajulikani, na wewe unamujua, uliza kama bado anaishi. Mimi nilienda kwa boti, wewe labda ni kwa simu tu.

Waliozamiwa na watu wao na hawakuwahi kuwaita, andikeni majina yao hapa chini mukipenda. Nitayasoma yote, nitajibu moja moja, kwa kidole changu hiki kimoja.

Tuko hapa.